Nane, Lakini Nane Nini?

Benchi hilo liko Kibaoni, Kilifi, nje ya kibanda cha Fundi Cliff anayetengeneza simu na kompyuta. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na upande mmoja umelegea, kwa hiyo anayekaa huko hukaa kwa uangalifu. Wenyewe ni watatu. Kuna Korija, muuza boriti, aliyepewa jina hilo kwa sababu boriti zake huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kuna Odera, bawabu wa duka la dawa, ambaye wote wanamwita Afande. Na kuna Kiponda mwenye birika la kahawa. Mimi si mtu wa benchi. Jumamosi hiyo nilikaa upande uliolegea, mwanangu Owen mapajani, nikisubiri diski ya marehemu mume wangu. Ndani yake kuna video ya mama mkwe akionyesha mpaka wa shamba letu la Kaloleni. Mama naye ameshafariki. Jumatatu wazee wa ardhi wanakaa, na shemeji yangu anasema nyumba ninayolala iko upande wake.

— Imekataa tena, alisema Fundi Cliff.

Diski ilikuwa inagonga ndani kwa ndani, tak, tak, kama ukucha juu ya sahani.

— Hiyo inabisha hodi wapi? Korija akauliza.

— Inatafuta mahali pa kusoma. Na kila nikiiwasha inazidi kuchoka. Nimejaribu kunakili kila kitu kwanza, inakatika njiani.

— Sasa?

— Sasa sikilizeni. Diski imegawanywa vyumba vidogo vidogo, vinaitwa sekta. Draiva, ile programu inayoongea na diski, imepoteza kipimo cha kila chumba. Inaniuliza mimi. Nikijaza sawa, video inarudi. Nikikosea, itaandika upya juu ya kila kitu, na hapo hata mimi sina dawa.

— Si usome maelezo yake, Bwana!

— Haya hapa. Ukubwa wa sekta: nane. Basi, wamenyamaza.

— Weka nane tunywe kahawa.

— Nane nini? Programu inataka nijaze kwa baiti. Hizi ni baiti nane? Kilobaiti nane? Au ni nane za vile vipimo vya zamani, kila kimoja baiti mia tano na kumi na mbili? Hawakuandika.

Korija akaweka kikombe chini.

— Hawakuandika kwa sababu kila mtu anajua. Mteja akija kwangu akasema nipe nane, nampa korija nane. Simuulizi, na yeye hashtuki.

— Mimi nilishtuka, Afande akasema. Nilitaka boriti nane za banda la kuku. Ukaniletea mikokoteni ya boriti.

— Si ulijenga?

— Nilijenga banda, nikajenga choo, nikajenga na uzio. Mpaka leo mwenye nyumba ananiuliza kama ninataka kumhamisha.

Wakacheka. Mimi sikuweza. Niliuliza, Fundi, hakuna njia nyingine? Lakini nafikiri nilisema kwa sauti ndogo sana, maana Afande alikuwa ameshaanza.

— Mimi ni mtu wa usalama, nitawaambia. Hilo neno limefichwa makusudi. Ukiacha namba peke yake, mwizi hawezi kuitumia.

— Usalama wa dawa za kikohozi, Korija akamkata.

— Cheka tu. Kuna mtu mahali fulani anajua ni nane nini, na analipwa asiseme.

— Nyote mmepotea, akasema Kiponda, akimimina. Hiyo diski ilitengenezwa wapi?

— Ng'ambo, Cliff akajibu.

— Haya. Mzungu akikwambia njoo saa nane asubuhi, wewe unakwenda saa ngapi?

— Saa mbili.

— Saa mbili! Nane yao ni mbili yetu. Toa sita, andika mbili. Mmesumbuka bure.

Fundi Cliff alimtazama Kiponda. Kisha nikaona jambo lililonitia hofu kuliko yote: alikuwa anafikiria. Alikuwa amekaa na ile diski tangu asubuhi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka imalizike tu, kwa vyovyote.

— Mama Owen, akaniita. Huna nakala nyingine ya hiyo video? Hata kipande?

— Nina sauti tu, nikasema. Siku hiyo nilikuwa hospitali, nimejifungua huyu. Bando la mume wangu lilikuwa dogo, akanitumia sauti peke yake nimsikie mama akihesabu mpaka.

— Alhamdulillahi! Kiponda akapiga paja. Kumbe mnayo na mmekaa kunitesea roho! Fundi, jaza. Hata diski ikifa, wazee watasikia kwa masikio yao.

— Jaza, Korija akasema. Korija nane.

— Jaza, Afande naye.

Cliff hakujaza korija wala mbili. Aliandika namba yake mwenyewe, ile ya vipimo vya zamani, akaweka kidole juu ya kitufe. Akanitazama. Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu nilitaka waache kunitazama.

— Kwanza tuisikie hiyo sauti, Cliff akasema, bila kuondoa kidole.

Nikaiwasha simu. Wakati huo dada mmoja, Bridgit, alikuwa amefika kuchukua simu yake iliyobadilishwa kioo. Akasimama mbele ya benchi, akasikiliza pamoja nasi. Sauti ya mama ilitoka safi kabisa.

"Haya, tunaanza kisimani. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Hapa ndipo penu panapoishia, mwanangu. Umeona?"

— Umesikia! Kiponda akasema. Kesi imekwisha.

— Sita nini? Bridgit akauliza.

Korija akanigeukia.

— Mikorosho, nikasema.

— Amesema mikorosho? Mimi sijasikia.

— Hakusema. Alikuwa anaigusa. Nilimwona kwenye video baadaye, niliporudi nyumbani.

— Na huyo mnayevutana naye anasemaje?

— Anasema ni minazi. Minazi imesongamana, mikorosho imeachana mbali. Ukihesabu minazi sita, nyumba yangu inabaki kwake.

 Nilikuwa nimesikiliza sauti ile mara nyingi mno, usingizi ukikataa, na kila mara niliona mikorosho. Sikuwahi kufikiri kwamba mikorosho ilikuwa kichwani mwangu, si kwenye simu.

Cliff aliondoa kidole. Akafuta namba aliyokuwa ameiandika, akachomoa waya wa diski taratibu, na ule mlio wa tak, tak ukakoma.

— Siigusi, akasema. Chini ya maelezo kuna anwani ya aliyeandika. Nitamuuliza.

— Atajibu kabla ya Jumatatu? nikauliza, na safari hii wote walinisikia.

Fundi Cliff alianza kuandika. Afande aliyatazama mawingu, Korija akatazama viatu vyake. Kiponda aliinamisha birika juu ya kikombe alichompa Bridgit, likatoka tone moja na machicha.

— Iweke tena hiyo sauti, dada, Bridgit akasema, akikaa kando yangu. Benchi likayumba, akanishika mkono. Iweke kubwa.

Nikaiweka. Wakainama wote, vichwa karibu kugusana juu ya simu, hata Owen akatulia. Mama akasema moja. Hatukuwa tunasikiliza namba tena. Tulikuwa tunasikiliza miguu yake ikitembea juu ya majani makavu, tukihesabu hatua kabla hajasema mbili, na kila mmoja wetu akiomba achelewe.