Karatasi Iliyolala Kwenye Faili Langu

Nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama hapa. Asifiwe!

Ndugu zangu, mimi ni Mama Mazengo wa mtaa wa Kikuyu. Kwetu ni kijijini Haneti, na kabla sijaokoka nilipika pombe ya mtama miaka mingi. Moshi ule ndio ulioharibu mapafu yangu. Miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na kila mtu yuko mbioni, mimi niko mkekani natafuta pumzi. Kutoka mkekani hadi chooni napumzika mara mbili. Kanisani naletwa kwa baiskeli, nimepakiwa nyuma kama gunia, na kwaya nikaacha. Hilo la kwaya liliniuma kuliko kikohozi.

Kliniki sikukosa hata mwezi mmoja. Napimwa, napewa vidonge, narudi. Nyumbani wanangu wakanikataza hata kushika ufagio, nami nikatii, nikazidi kudhoofika.

Siku moja wakaja wakaguzi kupima kama hospitali inatuhudumia vizuri. Walihesabu wagonjwa wa mapafu waliopewa rufaa ya kwenda chumba cha mazoezi. Tukiwa kwenye benchi tukasikia wauguzi wakipongezwa: wote tumepewa. Wote! Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama. Ndugu zangu, chumba chenyewe kilikuwa ng'ambo ya ua. Mlango wake nauona kila mwezi, nikidhani ni cha waliovunjika miguu.

Sitawaficha, nilikasirika. Nikanyanyuka, pumzi ikakata, nikakaa, nikanyanyuka tena. Nikamwendea muuguzi wetu, Sista Tabitha.

"Mwanangu, hiyo rufaa yangu iko wapi?"

Akafungua faili. Ilikuwemo, na mhuri juu, ya tangu mwaka juzi.

"Tunawatunzia hapa, mama. Mkipewa mkononi mnafungia ugoro."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Akaitazama tena tarehe ya mhuri. Mkaguzi naye akaacha kuandika.

Bwana alitumia aibu ya yule binti. Alinishika mkono, akanivusha ua mwenyewe. Huko nikafundishwa kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kutembea hatua chache, kesho kuongeza. Wanangu walinuna, nikawaambia waniache. Miaka miwili nimekaa mkekani, dawa yangu iko kwenye kabati lao la mafaili! Mpaka leo inanikera. Nimeomba neema ya kusamehe, nami nasamehe kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa kutembea.

Mapafu hayajapona, nisiwadanganye. Lakini leo baiskeli imebaki nyumbani. Nimekuja kwa miguu yangu, nimepumzika mara moja tu, pale kwenye kona ya kinu cha kusaga.

Namshukuru Mungu aliyeniona. Nawe uliyechoka, uliyeambiwa ukae tu, mtumainie, hajakusahau. Na ukienda kliniki, usitoke kabla hujaomba karatasi yako mkononi.

Sasa, wanakwaya, nianzishieni ule wimbo wetu. Polepole tu, nitaufikisha mwisho.