Mikaratusi ya Fundi Koki

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Koki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, katika nyumba hiihii tulimomtoa leo, na mimi dada yake ndimi niliyemfuata. Kijito kilipita nyuma ya jiko, maji yake tukiyanywa kwa viganja. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akasomea ufundi bomba, akaitumikia idara ya maji hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Mwaka 1981 alimwoa wifi yangu, wakajaliwa mabinti wawili.

Kijito kilipogeuka jalala, yeye ndiye aliyeingia na mabuti, akatoa magodoro na mizoga, akazungushia ua, na mwaka 1994 akajaza mikaratusi kingo zote mbili. Wifi alimwambia wazi kwamba miti ile inakunywa maji kama mlevi aliyepokea mshahara, naye akamjibu kuwa mambo ya maji aachiwe fundi wa maji. Ndege walikuja, wageni wakaja kupiga picha, akapewa cheti, lakini majuto ni mjukuu, mwaka 2008 kijito kilikauka, samaki wakafia topeni, visima vyenu vikafuata, na kaka akalia mbele ya watoto wake. Wifi alifariki mwaka 2012 bila kuyaona maji tena, na kaka aliapa kando ya jeneza lake kwamba hatabakiza mkaratusi hata mmoja.

Kila Jumamosi alikata, akapanda mikuyu na matete, mkamcheka kwamba mzee anafumua alichoshona, naye akacheka nanyi, akisema koki mbovu huifungua aliyeifunga. Mwaka juzi maji yalirudi, machache.

Tarehe 9 mwezi huu, mkaratusi wa mwisho uligeuka ukamwangukia kifuani, binti yake mkubwa akiwa ameshika kamba, na tarehe 12 akafariki hospitalini, baada ya kuuliza kama visiki vimefyekwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba juu ya mlango, na mafundi wenzake. Asanteni pia kwa maua, ila visiki vinachipua tena, na mabinti hawa wawili hawataviweza peke yao, kwa hiyo Jumamosi njooni na mapanga.

Pumzika kwa amani, kaka, na ukimkuta wifi, safari hii usibishane naye.