Mwalimu Eunike Sumari na Mtoto Aliyejificha Stoo

Juni 30 mwaka huu, Mwalimu Eunike Sumari anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, mingi kati yake akiwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule yetu hapa Engutoto.

Alizaliwa Nkoaranga na kuanzia kazi Momela, kando ya hifadhi ya wanyama, ambako anasema nyati waliwahi kufika shuleni kuliko wanafunzi. Hapa tunamjua kwa kicheko kinachosikika hadi jikoni, na kwa kugoma kabisa kujifunza kutumia projekta.

Lakini habari ya Violet, yule mtoto wa stoo, haichekeshi. Alikuwa darasa la nne. Baba yake, Mmeru, alikuwa amefariki. Mama yake, Goreth, ni Mrundi aliyeuza mboga bila kibali cha ukaazi. Kila gari lilipoingia shuleni, mtoto alikimbilia stoo. Akawa anachapwa kwa utoro. Mwalimu Eunike aliomba fimbo ikome, akaenda kukaa naye sakafuni, kati ya majembe na mafagio. Kisha Violet akauliza, "Mwalimu, nikiwa darasani, nani atamwangalia mama wasimchukue?"

Mwalimu alimfuata Goreth nyumbani, akamshawishi waende pamoja kuomba kibali. Goreth aliogopa, akaahirisha, mwishowe akakubali. Kabla siku ya kwenda haijafika alikamatwa sokoni na maofisa wa uhamiaji, akarudishwa Burundi. Violet alikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Mwalimu ndiye aliyempa habari.

Mtoto aliacha kusema. Hakulala, alikojoa kitandani, aling'oa nywele zake. Ndugu wa baba hawakujitokeza, hivyo Mwalimu alimchukua kwake Nkoaranga, akawa anampeleka kliniki ya afya ya akili. Sauti ilirudi mwaka uliofuata. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Laiti ningebaki na mama siku ile."

Mwalimu akamjibu, "Hukuwa mlinzi wa mama, Violet. Wewe ni mtoto."

Anamwambia hivyo hadi leo, maana binti bado hajaamini.

Tangu hapo, shuleni kwetu mtoto anayejificha hachapwi. Anaulizwa kwanza anaogopa nini. Wengine wenye hofu kama ile wamejulikana kwa njia hiyo.

Asante, Mwalimu. Goreth bado yuko ng'ambo ya mpaka, na Violet, sasa kidato cha pili, bado huketi karibu na mlango. Hatutasema ulishinda. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye kahawa yako, na siku ambayo Violet atalala hadi asubuhi bila kuamka kuhakikisha kama ungalipo.