Sista Hilda Lanyero na Benchi la Majibu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, Sista Hilda Lanyero anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, na kliniki yetu ya saratani ya damu hapa Kampala itaanza kuzoea utulivu. Sista ameagiza wasifu wake uandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha anayoelewana kwayo na wagonjwa wake wengi, askari na Wakongo. Kazi nimepewa mimi, Ojera wa maabara, na agizo la Sista huwa halijadiliwi.

Baba yake alikuwa polisi, naye akakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili chake mpaka leo kina harufu ya gwaride. Alianzia wodi ya watoto, akapita wodi ya wazazi, na kliniki hii ilipofunguliwa alikuwa muuguzi wa kwanza kuripoti. Alikuta chumba kitupu. Viti tunavyokalia alivipata kwa kuzunguka ofisi za Nakasero akiomba, na inasemekana ofisi moja ilimwongezea meza ili tu aondoke.

Wagonjwa wetu wengi wana ile saratani ya damu inayokwenda polepole. Humeza vidonge kila siku kwa miaka, na kila baada ya miezi mitatu tunapima damu kuona ugonjwa umebaki kiasi gani. Namba inayorudi haitulii: hushuka, hupanda kidogo, hushuka tena, na pengine sababu ni kipimo chenyewe tu. Zamani kila mtu aliipokea kama hukumu ya mahakama. Aliyeshuka alinunua kuku, aliyepanda aliwapigia simu ndugu zake wote kuwaaga.

Sista akaweka benchi la majibu, na kando yake beseni la bluu la kutupia simu. Ukishakaa, anakutandazia mezani majibu yako yote ya nyuma pamoja na la leo, kisha anakutaka useme mwenyewe yanaelekea wapi. Baada ya hapo ni maswali. Vidonge ulimeza vyote? Ulitapika? Damu ilipimwa maabara gani? Wala hakuwahi kumdanganya mtu kwamba kupanda si kitu. Askari mmoja wa kike alipanda mara mbili mfululizo bila kukosa kidonge hata kimoja. Sisi tulikuwa tukimbembeleza, lakini Sista alimshika mkono akampeleka kwa daktari papo hapo, akabadilishiwa dawa, na leo yuko kazini.

Kisa ambacho hatuwezi kukiacha ni cha Katembo, mwenyeji wa Butembo, Kongo, anayeuza sufuria hapa Katwe. Jibu lake moja lilipanda sana wakati Sista yuko likizo, naye akalipokea dirishani bila kukaa na mtu. Akapotea. Sista aliporudi na kusikia kwamba Katembo hajaja kuchukua dawa, alipanda boda mpaka Katwe, akamkuta kwa fundi akisubiri sanduku la bati la safari. Sufuria alikuwa ameshazigawa.

“Namba imepanda, Sista,” alimwambia. “Naenda kufia kwetu.”

Sista akalikalia lile sanduku lisipate kubebwa, akaanza maswali yake kwa sauti ya kushindana na nyundo za mafundi. Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Kabla ya kipimo, Katembo na wenzake wa kanisani walikuwa wamefunga kwa wiki tatu wakiomba namba ishuke. Jioni alikuwa akinywa chai tupu, na kwa kuwa vidonge bila chakula humchafua tumbo, akaviweka kando navyo. Yaani alifunga ili namba ishuke, na kufunga kwenyewe ndiko kulikoipandisha. Sista alicheka mpaka fundi akaweka nyundo chini, na Katembo mwenyewe akajikuta anacheka juu ya mauti yake. Siku hiyohiyo walikwenda kwa mchungaji, wakakubaliana kwamba Katembo atasali, atakula, atameza dawa, na badala ya chakula atajinyima soda, ambayo kwake ni msalaba mkubwa zaidi. Dawa alianza tena jioni ileile. Kipimo kilichofuata kilishuka.

Tangu habari za kustaafu zienee, hofu imerudi kliniki, na sitaficha kwamba nami ninayo. Nani atakaa na watu hawa namba zikipanda? Jumanne iliyopita alikuja dada mmoja mgeni, Exaucée, jibu lake limepanda kidogo, akawa analia hadi hawezi kuongea. Sista alikuwa stoo akikabidhi vifaa. Nilikwenda kumwita, na tulipotoka naye tulimkuta Katembo, aliyekuja kwa kipimo chake, ameketi kando ya yule dada na majibu yote yametandazwa mezani. Alikuwa anamuuliza vidonge, anamuuliza kutapika, anamuuliza maabara, kwa sauti ya amri ambayo si yake hata kidogo. Ikajulikana kwamba kipimo cha nyuma kilifanyika maabara nyingine, na namba za maabara mbili huwa hazilingani sawasawa.

“Kaa kwanza, dada,” akamwambia. “Daktari atarudia kipimo. Leo hatufi.”

Sista hakuingia. Alisimama mlangoni akafuta macho, kisha akanigombeza kwa nini nimesimama bure saa za kazi.

Sista Hilda, tunakushukuru kwa kila siku uliyotupa, hata zile ulizotufokea. Tunakupenda, na tutakukosa sana. Maisha ya kustaafu yawe marefu, yenye afya na vicheko vingi. Kapumzike nyumbani kwako Kawempe bila wasiwasi. Wagonjwa wako wanajua kusoma majibu yao.