Kichekesho cha Kumpelekea Omollo

Benchi la pale Silibwet lilipigiliwa kwa mbao za kibanda cha zamani cha kupimia majani chai, na mpaka leo ukilikalia unaondoka na harufu ya shamba hata ukiwa umevaa suti. Wakulima hukaa hapo na vikapu vyao wakingoja lori la kiwanda, na kwa kuwa lori halijawahi kuwahi tangu dunia iumbwe, Apiyo ameuza chai hapo miaka tisa na watoto wamesoma. Miaka hiyo yote mwenye mdomo alikuwa Omollo. Walimwita Redio, maana alianza asubuhi na hakuwa na kitufe cha kuzima. Sasa Redio aliteleza akaingia kwa mtaro, mguu ukavunjika, akalazwa hospitalini. Benchi likanyamaza, na watu wakaanza kusikia vile chai inavyomezwa.

Jioni moja Apiyo alimimina vikombe viwili tu, cha Gichuki na cha Oyugi, kisha akashika kiuno.

— Sista wa wodi amenipigia. Sahani ya Omollo inarudi vile ilienda. Haongei, anaangalia ukuta. Kesho ni zamu yangu kumwona, na siendi mikono mitupu.

— Mpelekee ndizi, akasema Gichuki.

— Ndizi zako za Jumanne bado ziko chini ya kitanda, zimekuwa nyeusi. Wewe ndiye ulimharibu huyo mzee!

Gichuki akaangalia kikombe. Yeye huuza nguo za mitumba, na benchi humwita Bei ya Jana. Jumanne alikuwa ameenda kumwona mgonjwa, akaona amchangamshe, akamwambia kile kichekesho cha mbuzi aliyekula cheti cha ndoa.

— Si ni kizuri? akajitetea. Kila siku tunakicheka.

— Ni chake, Gichuki! Ulimuuzia mtu koti lake mwenyewe. Alikumalizia hadithi, akageukia ukuta, na mpaka leo hajageuka. Sasa nataka kichekesho kipya. Kipya kabisa, hata yeye hajakisikia.

Hapo Oyugi akakohoa. Oyugi alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita, upande wa kunyausha majani. Alistaafu, lakini bado hukaa kama mtu anayengoja kengele ya zamu, na benchi humwita Kiwanda.

— Mama Beverly, akamwambia Apiyo, hiyo ni kazi ya kiwanda. Kichekesho ni kama chai. Huwezi kuchuma leo ukanywa leo.

— Tunasikia, Kiwanda, akasema Apiyo.

— Kwanza unachuma vizuri, majani mawili na kichipukizi. Majani ni uwongo, kichipukizi ni ukweli. Uwongo mara mbili, ukweli mara moja. Ukizidisha ukweli, hiyo ni habari. Ukizidisha uwongo, hiyo ni kampeni.

— Halafu?

— Unakilaza kinyauke usiku mzima, bila kumwambia mtu, hata bibi. Asubuhi unakikatakata, unakiacha kigeuke rangi, ndiyo unakikausha.

— Na wewe unacho kimoja huko kwa stoo?

Oyugi akajinyoosha, akavua kofia.

— Mtu mmoja alienda kwa shamba lake, hakulikuta.

Wakangoja. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya majani chai, na punda wa mtu akapita na mitungi ya maji.

— Halafu? akauliza Apiyo.

— Bado kinanyauka.

— Yawa, Oyugi! Mtu anakufa njaa, wewe unasubiri rangi!

Gichuki akaona nafasi yake imefika.

— Mimi nasema hivi. Kutengeneza ni kupoteza wakati. Nani siku hizi anashona? Unaleta kutoka mbali. Soin huko chini kuna joto, na watu wa joto hucheka upesi. Nakaa sokoni, nikiona mtu anacheka namfuata polepole mpaka aniambie ni nini.

— Ukifuata bibi ya mtu?

— Namfuata kwa heshima.

— Utarudi na wewe ukilazwa kitanda cha pili, akasema Oyugi. Tena kichekesho cha joto hakifiki huku. Kikipanda tu hizi baridi, kinaganda.

— Basi tuchukue ile mashine ya kuchumia! Ile inanyoa shamba nzima kama kichwa cha mwanafunzi. Tunazunguka vijiji vyote, tunakusanya kila kitu watu wamesema, tunakuja kuchambua hapa kwa benchi.

— Mashine inabeba hata vijiti.

— Si tunachambua! Ama ngoja, iko njia fupi. Mnanipiga picha ya video nikianguka. Watu hucheka sana mtu akianguka. Hata mtaro ni huu hapa!

Alikuwa ameshasimama, amekunja suruali. Apiyo akamshika koti.

— Gichuki mwana wa watu! Mtu amevunjika mguu kwa mtaro, wewe unampelekea picha ya mtaro?

Gichuki akakaa. Oyugi akasema labda kama angeanguka upande ule mwingine. Apiyo alikuwa anaona kesho, kile kiti cha plastiki kando ya kitanda, na mgongo wa Omollo.

Ndipo Esnah akatokea na mtungi wa maziwa. Alikuwa mgeni, siku yake ya tatu kumletea Apiyo maziwa.

— Chamgei, akasalimia. Mbona mnagombana kama watu wa kesi ya shamba?

Wakamweleza yote, mguu, ukuta, sahani. Esnah akasikiliza mpaka mwisho, akiwa bado ameshika mtungi.

— Na huyo mzee wenu, yeye hucheka nini?

— Hucheka... akasema Oyugi.

— Anapenda samaki, akasema Gichuki.

— Samaki anakula. Anacheka nini?

Miaka tisa. Apiyo alijua Omollo hutia sukari vijiko vingapi, alijua goti gani humuuma mvua ikikaribia. Lakini kicheko chake hakuwahi kukisikia. Wao walikuwa wakicheka huku yeye akiwaangalia usoni mmoja mmoja, kuona nani amebaki. Hakuna siku hata mmoja wao alimrudishia kichekesho.

Akatoa simu, akaweka sauti kubwa.

— Omollo.

— Niko.

— Hapa hatuna kichekesho. Tumetafuta, tumekosa. Tunauliza tu, wewe hucheka nini?

Wakasikia kigari cha chakula kikisukumwa huko wodini.

— Mimi? akasema Omollo. Hiyo sijawahi kuulizwa. Wacha nifikirie. Kesho kuja na chai, Apiyo. Hii ya huku si chai. Ni maji yameonyeshwa picha ya majani.

Kutoka kitanda cha jirani, sauti ya mzee mwingine ikadakia:

— Na hiyo picha yenyewe walionyesha kwa mbali!

Wodi nzima ikalipuka. Katikati ya kelele hiyo kukawa na kicheko kimoja chembamba, karibu kabisa na simu, cha kukatikakatika, kama mtoto wa mbuzi anayeteremka mlima akilia. Kikapanda, kikakosa pumzi, kikaanza tena.

Gichuki akainama kwa simu.

— Nani huyo anacheka hivyo?

Apiyo akafunika mdomo na leso.