Mita Mbili za Nabintu

Nje ya kibanda cha Sumayiya mchapaji, karibu na steji ya teksi ya Nateete, kuna benchi lisilokosa mabingwa. Asubuhi hiyo Bisimwa, fundi cherehani aliyetoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, waliyembandika jina la Futi kwa kuwa utepe wa kupimia haumtoki shingoni, aliketi katikati amekunja uso. Jumamosi walikuwa wanamsherehekea binti yake Nabintu, mkunga mpya, wa kwanza kuhitimu katika ukoo mzima. Bisimwa alikuwa ameapa kutundika picha yake ya mita mbili juu ya mlango wa karakana, Nateete nzima imwone. Sumayiya alikuwa ametoka kumwambia kwamba picha haichapiki.

— Nyabo, iko na kasoro gani? Kwa simu si inang'aa?

— Kwa simu, ndiyo, mzee. Lakini ina vidoti mia saba tu kwa upana. Nikivivuta, kila kimoja kinakuwa kama punje ya mtama. Binti atatoka uso wa vigae.

— Nani alikutumia? aliuliza Afande, yaani mzee Olal, polisi mstaafu na mwenye chupa ya kahawa.

— Mjomba wake Ulrich, toka Bukavu, alijibu Bisimwa.

— Basi ni mpaka! Mimi nilikaa mpakani miaka sita. Hakuna kitu inapita pale bila kupunguzwa.

— Wapi, Afande! Picha inachakaa kwa kutazamwa, alisema Tresor, fundi redio waliyemwita Profesa ingawa hajawahi kumfundisha mtu. Papa Nabintu, watu ngapi wameiona?

Hapo Bisimwa alishindwa kujizuia, kifua kikamjaa.

— Kundi ya ukoo, kundi ya kanisa, kundi ya mafundi. Bukavu, Goma, Uvira. Mia tano hawapungui!

— Banange, mia tano! Kila jicho limeondoka na kidoti chake.

— Basi tuirudishe Bukavu, akaamua Afande. Irudi polepole kwa njia ile ile, iokote vilivyoanguka.

Sumayiya alicheka mpaka akashika meza. Bisimwa hakucheka. Fundi nguo haelezwi mara mbili: kwa kipande cha leso huwezi kumshonea bwana harusi suti. Kilichomuuma ni kwamba huyu mtoto aliingia mji huu akiwa mgongoni mwake, ana miaka minne, na sasa alitaka watu wamwone mkubwa.

Akafika Alal, mke wa askari mmoja kijana, kutoa kopi ya kitambulisho. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Kwani hii picha alipiga nani?

Afande akatazama kahawa, Profesa akatazama barabara.

— Miye, alisema Bisimwa.

— Kwa simu gani?

— Hii hii.

— Sasa ya Bukavu mnaitakia nini?

Aibu ilimshika, ikabidi aseme. Pongezi zilikuwa zimeijaza simu: sauti za mashangazi, maua, sala. Ile picha ya kwanza peke yake ilikula nafasi ya pongezi mia. Akaifuta, ili watu waendelee kumpongeza mtoto.

— Lini?

— Wiki tatu zimepita.

Alal aliomba simu, akafungua pale vinapolala vilivyofutwa, akashusha kidole. Nabintu alikuwepo, na joho lake. Chini yake pameandikwa: zimebaki siku tisa kabla ya kufutika kabisa.

Sumayiya aliichukua kwa waya, si kwa WhatsApp tena, inayopunguza kila picha inayotumwa. MB nane. Akaikuza mpaka ukosi mweupe wa gauni la ndani ya joho ukajaza kioo chote, na bado haikupasuka.

— Mzee, huu si uzi?

Bisimwa alisogea. Ulikuwa uzi, kweli. Umeme ulikuwa umekatika ile siku alipomshonea binti gauni, akaumaliza ukosi ule kwa mkono, na sasa mishono yake ilionekana mmoja mmoja, chini ya kidevu cha mkunga. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Mita mbili ni kidogo, akasema. Andika tatu.

— Tatu? Huo ukuta wako una mita ngapi?

Futi akashika utepe shingoni. Viuno vya Nateete yote alikuwa anavijua, ila ukuta wake hakuwahi kuupima. Afande na Profesa nao hawakujua.

— Andika tatu, akarudia. Ukuta nitauongeza.