Nilipofiwa na Kazi

Bwana asifiwe! Amina ya upande wa kinababa imepoa, lakini nitaipokea hivyo hivyo. Kaeni, jamani. Mimi nimezoea kuendesha vikao, nikishika maikrofoni naanza kutafuta ajenda, na Mchungaji ameshanionya kwamba hapa si ofisini. Leo ajenda ni moja tu. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyotamani kufa nikiwa mzima wa mwili, na nilivyorudi. Majina sitaji. Wanaojijua wanajijua.

Hapa Mlowo wengi mnanifahamu kama binti wa yule mama wa kule juu kwenye mibuni. Lakini nilikuwa meneja Tunduma, kwenye kampuni ya kupitisha mizigo forodhani. Nilianza karani wa kugonga mihuri, nikapanda, nikapanda, mpaka nikakalia kiti cha meneja mkuu. Kiti chenyewe kinazunguka! Msicheke. Kwa mtoto aliyekua akichambua kahawa, kiti kinachozunguka si jambo dogo.

Na nilikuwa naandika. Kila mwisho wa wiki natoa makala fupi kuhusu maisha ya kazini: bosi anayesalimia viatu vya watu badala ya nyuso zao, karani anayeumwa kila Jumatatu, mama anayekamulia maziwa chooni kwa sababu ofisi haina chumba. Redio ya kwetu ilizisoma, watu wakarushiana kwenye simu. Nikipita kwenye foleni ya malori, madereva wa Zambia wananisalimia kwa lugha yao, "Muli shani, madam! Wiki hii unamsema nani?" Nawajibu, "Bwino! Nakusema wewe." Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na raha. Kuandika ndiko kulikonifanya niipende kazi hata siku zake mbaya.

Sasa sikilizeni. Dereva wetu mmoja, mtu wa Ndalambo, alikuwa amekwama mpakani na mzigo. Akapigiwa simu kwamba mtoto wake amefariki. Akaomba apewe mtu wa kumpokea lori ili akazike. Mimi nilikuwa safarini. Waliokuwepo wakamwambia lori la mteja haliachwi kwenye foleni, asubiri livuke. Alipofika kwao, mtoto alikuwa ameshazikwa na watu wametawanyika.

Niliporudi alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, kukaa hakutaka. Akasema, "Madam, sijaja kulalamika. Nataka tu mtu ajue." Nikamwomba ruhusa, akanipa, nikaandika. Jina lake sikuweka, wala la kampuni.

Makala iliposomwa redioni watu walilia. Wenye kampuni hawakulia. Waliniita, na mkubwa mmoja akaniambia, "Umetuanika. Andika nyingine, useme ile uliitunga." Nikamuuliza, "Niseme mtoto wa watu hakufa?" Akasema, "Sema utakavyo, ila iwe imetoka kabla ya jioni." Nikakataa. Jioni hiyo hiyo nilikabidhi funguo za ofisi, za gari na za nyumba ya kampuni.

Baada ya hapo likaenea neno kwamba mimi nauza siri za waajiri. Kila ofisi niliyobisha hodi waliniambia, "Tutakupigia." Wapi! Watu niliowafundisha kazi kwa mikono yangu, wakiniona barabarani wanavukia upande wa pili. Nilipanga chumba, hela ya pango ikakata, nikarudi kwa mama na masanduku yangu. Majirani wakauliza, "Meneja, umekuja kutusalimia?" Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu, "Yuko likizo." Nami nikaitikia, "Ndiyo, likizo."

Likizo gani hiyo, jamani? Ilianza tukichuma kahawa, ikapita kiangazi chote, mpaka mahindi ya watu yakafika magotini. Nilikuwa nalala mchana na dirisha limefungwa. Mama analeta chakula, anakitoa kimepoa. Nikasema niandike labda nitapata nafuu. Nikaandika neno "Ofisini", nikakaa nikilitazama mpaka macho yakauma, sikupata la pili. Kanisani nikaacha kuja, maana mngeniuliza likizo inaisha lini. Samahani, mngeniuliza kweli!

Nikafika mahali nikamwambia Mungu anichukue. Sikumwambia kwa kulia. Nilimwambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeomba uhamisho. Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Akakaa chini pale pale akasema, "Mwanangu, na mimi nitazikwa na nani?" Nikamtazama mama yangu mzazi, na sikusikia kitu moyoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikageukia ukutani.

Basi, mchana mmoja nikasikia pikipiki uani. Kisha mzigo wa kuni ukatupwa chini. Mwanamume akasema, "Hodi, mama. Tumekuja msibani." Mama akapiga ukelele, "Msiba wa nani? Shindwa! Usinichurie mtoto wangu!" Nikachungulia. Alikuwa ni yule dereva wa Ndalambo, na mkewe amekumbatia ndoo ya unga.

Akasema, "Mama, usikasirike. Njiani hapa nimeulizia, wananiambia madam yuko likizo, nikajua si kweli. Kazi yake imekufa, na imekufa kwa sababu ya mtoto wangu. Sisi wote hapa tunajua, mtu akifiwa hashiki jembe mpaka tanga lianuliwe. Huyu hamjampa hata pole. Tanga lake nani ataanua?" Mama akapokea ile ndoo ya unga. Yule baba akawasha moto uani, kama tunavyofanya kwenye misiba yetu.

Mkewe akaingia chumbani. Hakuniambia Mungu ana makusudi, hakuniambia nijikaze. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, akanishika mguu, akasema, "Pole, dada. Pole sana." Ndugu zangu, tangu nikabidhi zile funguo, hakuna aliyekuwa amenipa pole! Nililia. Nililia kilio cha msibani, cha sauti, cha kuita aliyekwenda.

Na nyinyi tunajuana. Kilio kikisikika mtaani, kwanza mnakuja, kuuliza mtauliza baadaye. Majirani wakajaa uani na kuni, na unga, na maharage. Wakaambiwa marehemu ni kazi. Jirani mmoja, yuko humu ndani na anajua namsema yeye, akasema, "He! Kumbe na kazi nayo inaliliwa?" Mama akamjibu, "Kaa chini ulie, utaelewa huko huko." Akakaa. Na alilia, nadhani alikuwa na yake.

Ilipofika jioni dereva akauliza, "Msiba gani hauna wasifu wa marehemu? Na mwandishi tunaye." Wakaniletea karatasi. Nikaandika kwa mkono mzito: marehemu alizaliwa kwenye meza ya mihuri, akakua, akapata kiti kinachozunguka, akaugua ghafla baada ya kusema kweli, ameacha mfiwa mmoja. Nikasimama karibu na moto nikausoma. Watu walicheka, wakalia, wakacheka tena. Yalikuwa maandishi yangu ya kwanza kukamilika tangu nitoke kwenye kile kiti.

Asubuhi mama akanichemshia maji nikaoga. Nilipotoka akanipa jembe, akasema, "Tanga limeanuliwa. Twende." Hata mstari mmoja wa mahindi sikuumaliza, miguu ilikuwa imesahau kusimama. Lakini nilikuwa shambani, juani, na njaa ilikuwa inaniuma. Nilimwomba mama ugali, akaenda kuusonga huku analia.

Leo nasimamia ghala la kikundi cha wakulima wa kahawa. Kiti changu hakizunguki, tena mguu mmoja ni mfupi. Makala zangu zimerudi redioni. Sitawadanganya kwamba yamekwisha yote. Zipo siku nikisikia honi ya lori nasimama kidogo, kisha naendelea.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru, mama. Nawashukuru majirani kwa kuja kulia kitu msichokijua. Na wale wawili waliokaa pale nyuma, msiinamishe vichwa. Kaka, wewe hukuruhusiwa kumzika mwanao, lakini ulitoka Ndalambo na kuni kwenye pikipiki ili mimi nizike changu. Shukrani yake siiwezi.

Neno langu kwenu ni dogo. Humu ndani kuna mtu yuko likizo. Usinyooshe mkono, wala usinitazame, nimeshakujua. Kesho mchana usifunge mlango. Kuni nimeshazifunga.